Kutoka Kansas hadi Virginia ya 1640: kisa cha John Punch na ukoo wa mama yake Obama

Tarehe 6 Novemba 2008 Kenya haikwenda kazini. Rais Mwai Kibaki alikuwa ametangaza siku ya mapumziko, kwa kuwa mtoto wa mtu wa Nyang'oma Kogelo, kule Siaya, amechaguliwa kuwa rais wa Marekani. Kwetu huku nasaba ya Barack Obama ilikuwa imeshafungwa: baba Mjaluo, mama mzungu wa Kansas, basi. Weusi kwa huyu, weupe kwa yule.

Miaka minne haijatimia, tarehe 30 Julai 2012, Ancestry, kampuni ya utafiti wa nasaba ya jimbo la Utah, ikatoa ripoti iliyovuruga hesabu hiyo. Watafiti wake walisema upande wa mama nao una Mwafrika, tena wa zamani sana: John Punch, mtumishi wa koloni la Virginia ambaye mwaka 1640 mahakama ilimhukumu kumtumikia bwana wake hadi kufa. Wanahistoria wengi humhesabu kuwa Mwafrika wa kwanza katika makoloni ya Waingereza ya Amerika Kaskazini ambaye utumwa wake wa maisha umeandikwa katika rekodi ya mahakama. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, kutoka kwa Obama hadi kwake ni vizazi 13.

Magazeti yalishangaa kwa siku chache yakahamia mengine. Mimi kilichonivuta ni kazi yenyewe. Unatokaje kwa mwanamke aliyezaliwa Wichita mwaka 1942 ukamfikia mtu asiye na kaburi wala wosia, ambaye tunalijua jina lake kwa sababu tu alitoroka akakamatwa? Na katika ngazi hizo 13, ipi imekaa imara na ipi inacheza? Jibu langu nalitoa mapema: walifika pale walipofika kwa kufuata ardhi. Rangi ya ukoo huu ilibadilika katika vitabu vya makarani bila mtu yeyote kujichubua. Ardhi ilikaa palepale.

Wanawake sita, majina sita

Kazi ya nasaba huanzia kwa aliye karibu, ikapanda ngazi mojamoja. Hapa aliye karibu ni Stanley Ann Dunham, mama yake Obama. Mama yake Ann ni Madelyn Payne, aliyezaliwa mji mdogo wa Peru, Kansas, mwaka 1922, yule bibi aliyemlea Obama Honolulu na kufariki siku chache tu kabla ya mapumziko yetu yale ya Novemba. Mama yake Madelyn ni Leona McCurry. Mama yake Leona ni Margaret Wright. Mama yake Margaret ni Frances Allred. Mama yake Frances ni Anna Bunch, aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Tennessee bado ni mpaka wa walowezi.

Dunham, Payne, McCurry, Wright, Allred, Bunch. Wanawake sita mfululizo, na kila mmoja ana jina lake la ukoo. Yeyote aliyewahi kutafuta mababu katika rekodi za Kizungu anajua maana yake. Kila ndoa inafukia jina la msichana, na usipoipata hati ya ndoa, au cheti cha kifo cha mtoto wake kinachotaja jina la mama kabla hajaolewa, ngazi inakatika. Kwa ngazi za karibu vyeti vya kifo na matangazo ya msiba magazetini yanatosha. Kadiri unavyopanda, unategemea sensa.

Sensa ya Marekani imefanyika kila baada ya miaka kumi tangu 1790, lakini si hati ya aina moja. Mpaka 1840 aliyeandikwa jina ni mkuu wa kaya peke yake. Wengine ni tarakimu tu: wavulana wangapi wa umri huu, wanawake wangapi wa umri ule, watumwa wangapi. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa kwa jina, umri na jimbo alikozaliwa. Uhusiano wake na mkuu wa kaya haukuulizwa hadi 1880. Kwa hiyo Anna Bunch, utoto wake wote, ni tarakimu moja katika safu ya baba yake, na hata Frances anapoonekana kwa jina 1850, karatasi yenyewe haisemi kuwa ni mtoto wa nani. Sensa ya 1890 nayo karibu yote ilipotea kufuatia moto uliozuka Washington mwaka 1921. Margaret ni msichana mdogo mwaka 1880. Ukimkuta tena mwaka 1900 ni mke wa mtu na mama wa watoto, akiwamo Leona mchanga. Ujana wake wote umepita katika shimo hilo.

Hapa kuna simulizi ya familia ambayo ripoti za magazeti ziliipita haraka. Obama mwenyewe, katika kumbukumbu zake za ujanani, aliandika kwamba upande wa bibi yake ilisemekana kuna babu wa kabila la Cherokee, na kwamba mama yake bibi hakupenda kabisa habari hiyo isemwe. Alitamani kufa nayo. Mama yake bibi ni Leona McCurry. Yaani aliyekuwa akiificha ni mmoja wa wanawake wetu sita.

Si ushahidi wa Punch, na sitaki kuulazimisha uwe. Lakini katika familia nyingi za Tennessee na Arkansas, "Mcherokee" lilikuwa jibu jepesi mtoto akiuliza kwa nini mjomba fulani ana nywele zile. Mhindi Mwekundu wa mbali alivumilika kuliko Mwafrika wa mbali. Simulizi ya namna hii hainitajii mtu. Inaniambia pa kuchimba tu, na watafiti walipochimba upande huo wa Leona ndipo walipoukuta ukoo wa Bunch.

Baba yake Anna ni Nathaniel Bunch. Juu ya Nathaniel yupo Charles, juu ya Charles yupo Samuel, na juu ya Samuel wapo John watatu, baba, babu na baba wa babu, wote John Bunch. Kuanzia hapa jina la ukoo halibadiliki tena. Matatizo yanabadilika sura.

Milango miwili iliyoungua

Ili kuelewa ugumu wa Virginia, lazima ujue kaunti zilivyokuwa zikizaana. Mwaka 1634 koloni liligawanywa sehemu nane, mojawapo ikiitwa Charles River. Mwaka 1643 ikapewa jina la York. Mwaka 1654 ikamegwa New Kent kutoka York. Mwaka 1721 ikamegwa Hanover kutoka New Kent. Mwaka 1742 ikamegwa Louisa kutoka Hanover. Familia iliyosogea taratibu kupanda mto ikifuata mashamba mapya inaweza kuacha hati zake katika mahakama nne tofauti, na hata isiyosogea hata hatua moja inaweza kuamka asubuhi ikiwa kaunti nyingine. Hati za zamani hazihami. Zinabaki kwenye kaunti mama.

Vitabu vya York vimesalia tangu 1633, jambo la kushukuriwa. Vya Louisa vipo. Katikati ndipo penye majivu. New Kent iliungua 1787: mwanamume mmoja wa familia yenye jina, John Price Posey, aliwasha moto gereza na ofisi ya karani, akanyongwa mwaka uliofuata. Hati za mirathi, mauzo ya ardhi na kesi za zaidi ya miaka 130 zikaenda na hasira ya mtu mmoja. Hanover kisa chake kinauma zaidi, maana hapa watu walikuwa waangalifu. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vitabu vyake vilipelekwa Richmond vikae salama. Aprili 1865 jeshi la Kusini lilipokuwa likiuhama mji, likachoma maghala ya tumbaku ili yasiangukie mikononi mwa adui, moto ukapanda mjini, na vitabu vya Hanover vikateketea. Moto huohuo uliharibu sehemu kubwa ya majalada ya Mahakama Kuu ya koloni.

Mtafiti mvivu hufika hapa akaandika "rekodi zimeungua" na kufunga daftari. Aliyezoea kazi huuliza swali jingine: serikali gani nyingine ilikuwa na sababu ya kumwandika mtu huyu? Hati za kugawa ardhi ya mfalme ziliandikishwa makao makuu ya koloni, si kwenye kaunti, na mfululizo wake umesalia. Kanisa la Anglikana lilikuwa na daftari lake. Parokia ya St. Peter's huko New Kent ina daftari la ubatizo na kumbukumbu za wazee wa kanisa zilizookoka, na wazee hao ndio waliokagua mipaka ya mashamba, hivyo majirani wanatajwa kwa majina. Baraza la gavana liliweka kumbukumbu zake lenyewe, na nakala zikavuka bahari hadi London. Baada ya uhuru, kuanzia 1782, zipo orodha za kodi za kila mwaka, ambazo kwa Virginia zina thamani kubwa kwa sababu sensa zake za 1790 na 1800 karibu zote zimepotea.

Kwa njia hiyo tunamkuta wa kwanza: mwaka 1662 John Bunch anapewa hati ya ekari 450 New Kent. Virginia wakati huo ilitoa ekari 50 kwa kila mtu ambaye mwombaji amemlipia nauli ya kuingia koloni, au amenunua haki hiyo kwa mwingine, kwa hiyo ekari 450 ni hesabu ya vichwa tisa. Hati haisemi neno juu ya rangi yake. Inasema mpaka unapita wapi.

Ukiwa na John watatu wanaofuatana, kosa jepesi kuliko yote ni kuwafanya mmoja, au kumgawa mmoja wawili. Umri hausaidii sana, na tarehe zenyewe zina mtego: mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi hadi kalenda ilipobadilishwa 1752, hivyo hati yao ya Februari 1662 ni Februari 1663 kwetu. Kinachowatenganisha ni kipande cha ardhi. Nani alikipata, nani alikirithi, nani alikiuza, majirani wa mpaka ni akina nani, na je, majirani haohao wanatokea tena ukivuka kwenda Hanover na Louisa. Ukoo wa Bunch unafuatika hivyo, kutoka hati ya 1662 hadi mashamba ya Louisa, kisha magharibi hadi Tennessee na Arkansas, na mwisho Kansas.

Ombi la Agosti 1705

Rangi inajitokeza kwa mara ya kwanza pale ambapo karani alikuwa na sababu ya kuiandika. Mwezi Agosti 1705 watu wawili wa parokia ya Blisland, New Kent, waliandika ombi kwa Baraza la Virginia. Mmoja ni John Bunch, chotara. Mwingine ni Sarah Slayden, mwanamke mzungu. Kasisi amekataa kuwafungisha ndoa. Wanaomba Baraza liamue.

Kasisi alikuwa na sababu. Sheria ya 1691 ilisema mzungu yeyote huru atakayeoana na Mwafrika, chotara au Mhindi Mwekundu atafukuzwa kwenye koloni ndani ya miezi mitatu. Baraza likampelekea Mwanasheria Mkuu, na jibu lake ndilo ninaloliona kuwa kiungo cha thamani kuliko vyote katika kisa hiki. Alisema ana shaka: je, mtoto aliyezaliwa na mwanamke mzungu na mwanamume chotara anaweza kweli kuitwa chotara?

Lisome tena kama mtafiti wa nasaba. Mwanasheria hakuwa akijadili falsafa. Alikuwa na mtu mmoja mbele yake, na katika kumjadili ametufungulia familia nzima. Mama wa huyu Bunch alikuwa mzungu. Baba yake alikuwa chotara. Basi juu ya baba, ngazi moja au mbili, yupo Mwafrika. Kaunti imeungua, daftari la ndoa halipo, lakini shaka ya mwanasheria imesalia katika kumbukumbu za Baraza, na ndani yake vimo vizazi vitatu. Kati ya wote waliokuwa New Kent wakati huo, ukoo wenye jina hilo ni wa yule mwenye ekari 450.

Oktoba mwaka huohuo bunge la koloni likapitisha sheria mpya. Kwa maneno yake yenyewe, ili kuondoa shaka, ikatangaza kuwa chotara ni mtoto wa Mhindi Mwekundu, na mtoto, mjukuu au kitukuu wa Mwafrika. Ikaongeza faini ya ratili 10,000 za tumbaku kwa kasisi atakayethubutu kufungisha ndoa ya namna hiyo. Miezi miwili tu tangu ombi la Bunch na Slayden. Naona vigumu kuamini kwamba shaka iliyotajwa katika sheria si ileile ya Mwanasheria Mkuu.

Sasa ipitishe familia katika kipimo hicho. Ukikubali kwa muda kwamba mzizi ni John Punch, basi John Bunch wa kwanza ni mtoto, wa pili ni mjukuu, wa tatu ni kitukuu. Samuel ni kilembwe. Sheria iliishia kwa kitukuu. Samuel Bunch, alimradi mama yake awe mzungu, alizaliwa nje ya neno "chotara" kwa sheria ya Virginia, na tawi lililompeleka Anna hadi Arkansas ni la Samuel. Hakuna aliyehitaji kudanganya karani. Familia ilisimama palepale, sheria ikahesabu vizazi, ikaishiwa.

Mwaka 1785 Virginia ikabadilisha kipimo kuwa robo moja ya damu ya Kiafrika. Mwaka 1924 ikakaza kabisa: tone lolote. Kwa kipimo cha 1924 Madelyn Payne, kama angekulia Virginia na mtu akajua habari za Punch, asingeruhusiwa kuolewa na Stanley Dunham, baba yake Ann. Binti yao alipoolewa na Mkenya huko Hawaii Februari 1961, Virginia ilikuwa bado inawafunga watu kwa ndoa za namna hiyo. Ilichukua hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1967, katika kesi ya wanandoa wa Caroline, kaunti inayopakana na Hanover, kuifuta sheria hiyo.

Kromosomu ambayo Obama hanayo

Vyombo vingi vya habari viliandika kwamba vinasaba vimethibitisha Obama ni mzao wa John Punch. Si kweli, na ni vizuri kueleza kwa nini, kwa sababu kosa hili linarudiwa katika kila kisa cha namna hii.

Kromosomu Y hupita kutoka baba kwenda mwana wa kiume, peke yake. Obama amepata ya kwake kutoka Kogelo. Kati yake na Nathaniel Bunch wamesimama wanawake sita, na mwanamke hana Y ya kupitisha. Kwa hiyo kumpima Obama hakusaidii kitu kwa swali hili. Waliopimwa ni wanaume wengine kabisa, walio hai, wenye jina la Bunch na nasaba inayorudi kwa mababa tu hadi Virginia ya zamani. Kromosomu zao zilikutwa katika kundi la E1b1a, ambalo asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara.

Kilichoongeza uzito ni kwamba waliopimwa walitoka matawi mawili. Tawi moja lilibaki Virginia na vizazi vyake vikahesabiwa kuwa wazungu. Jingine lilihamia makoloni ya Carolina mapema katika karne ya 18, na wazao wake wengi wakaandikwa kuwa watu huru wa rangi, yaani wasio wazungu wala watumwa. Paul Heinegg, aliyetumia miaka mingi kukusanya rekodi za Waafrika huru wa makoloni ya kusini, ndiye aliyekuwa ameshaziunganisha familia hizi kwa karatasi kabla vipimo havijaanza. Vipimo vikakubaliana na karatasi: babu mmoja wa kiume, Mwafrika, aliyeishi kabla matawi hayajaachana.

Baadhi ya taarifa ziliongeza kwamba asili yake ni Kameruni. Hapo mimi nasita. E1b1a imeenea kutoka Senegali hadi Afrika Kusini, na imejaa tele kwa wasemaji wa lugha za Kibantu, wakiwamo wa kwetu Tanzania na Kenya. Kutoka kundi pana namna hiyo hadi nchi moja ya leo ni mbali, na Waafrika wa kwanza walioletwa Virginia mwaka 1619 walikuwa wamekamatwa upande wa Angola.

Kuhusu tawi la Carolina, siwezi kupita bila kutaja jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili watalipenda. Watafiti wamewahi kumhusisha na tawi hilo Ralph Bunche, Mmarekani mweusi aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1950. Uhusiano huo uko katika hali ya kuhisiwa, usijengee nyumba juu yake. Lakini Bunche huyo alipokuwa London mwaka 1937 akijiandaa kuja Afrika Mashariki, alijifunza Kiswahili, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta.

Watatu walitoroka

Turudi mwisho wa ngazi. Mwezi Juni 1640 Hugh Gwyn, mwenye mashamba na mjumbe wa bunge la koloni, alilalamika mbele ya gavana na Baraza kwamba watumishi wake watatu wamekimbilia Maryland. Aliomba aruhusiwe kuwauza hukohuko. Baraza likakataa, likiona ni mfano mbaya, likaagiza warudishwe.

Hukumu ilitoka tarehe 9 Julai. Wote watatu wachapwe viboko 30 kila mmoja. Kisha Victor, Mholanzi, na James Gregory, Mskoti, wamalize muda wa mikataba yao, wamwongezee bwana wao mwaka mmoja, halafu walitumikie koloni miaka mitatu. Wa tatu, Mwafrika anayeitwa John Punch, amtumikie bwana wake, au yeyote atakayepewa, kwa muda wote wa maisha yake, pale au kwingineko.

Kosa moja, viboko sawa, kisha miaka minne kwa wawili na maisha kwa mmoja. Hukumu haitoi sababu yoyote ya tofauti hiyo zaidi ya kumtaja kuwa Mwafrika. Wiki mbili baadaye, tarehe 22 Julai, kundi jingine la watoro lilihukumiwa, na Mwafrika wao aliyeitwa Emanuel alichapwa, akapigwa chapa shavuni na kufungwa pingu mguuni, bila kuongezewa muda hata siku moja. Wanahistoria husoma ukimya huo kuwa dalili kwamba hakuwa na muda wa kuongezewa. Maneno haya yote yametufikia kwa nakala na dondoo zilizochukuliwa kabla ya moto wa 1865 na kuchapishwa baadaye. Bila hizo, Punch asingekuwapo kabisa.

Je, huyu ndiye baba wa John Bunch wa ekari 450? Hoja za wanaosema ndiyo ni hizi. Maelezo ya mwaka 1649 yanakadiria Virginia ilikuwa na Waingereza wapatao 15,000 na Waafrika wapatao 300, kwa hiyo uwanja wa kutafuta ni mdogo sana. Katika hao, Punch ndiye mwanamume Mwafrika pekee anayejulikana kuwa na jina linalokaribiana na Bunch. Makarani waliandika kwa sikio, na P na B hubadilishana mara nyingi katika vitabu vyao. Gwyn alikuwa mtu wa eneo la mto York, na New Kent ilimegwa kutoka York. Umri unalingana: mtu mzima 1640, mwana mzima 1662. Na mwana huyo alikuwa huru mwenye ardhi, jambo linaloelezeka kama mama yake alikuwa mwanamke mzungu huru, kwa maana Desemba 1662 Virginia iliandika rasmi kwamba mtoto hufuata hali ya mama, na hata kabla ya hapo hakuna njia nyepesi zaidi ya mtoto wa mtumwa wa maisha kuwa mtu huru.

Ni hoja nzuri, na Elizabeth Shown Mills, bingwa wa nasaba za majimbo ya Kusini aliyeombwa kuipitia kazi hiyo, aliikubali. Ancestry wenyewe walieleza kwamba ngazi ya mwisho haiwezi kuthibitishwa moja kwa moja kwa kuwa rekodi za wakati huo ni chache. Vichwa vya habari havikuwa na nafasi ya sentensi hiyo.

Mizani yangu iko hivi. Kutoka Ann Dunham hadi Nathaniel Bunch, ushahidi ni wa kawaida na unatosha. Kutoka Nathaniel hadi John Bunch wa 1662, ni wa ardhi na majirani, na naukubali. Kwamba ukoo huu ulianza na Mwafrika wa karne ya 17 sina shaka nalo, kwa kuwa limesemwa na vyanzo viwili visivyojuana: shaka ya mwanasheria wa 1705 na kromosomu za watu walio hai leo. Lakini vyanzo hivyo vyote viwili vinasema Mwafrika. Hakuna hata kimoja kinachosema Punch. Jina hilo limetokana na kukosekana kwa mgombea mwingine, na Bunch ni jina la Kiingereza pia. Mtoto angeweza kuchukua jina la mama, na baba akawa mmoja wa wale Waafrika 300 ambao hakuna karani aliyewahi kuwaandika kwa sababu hawakutoroka.

Kwa hiyo ningechora mstari mzito hadi 1662, na kutoka hapo kwenda kwa Punch ningeweka nukta. Kitu cha kuzifuta nukta hizo, kama kipo, hakitatoka New Kent wala Gloucester, ambako shughuli za Gwyn zilihamia na ambako vitabu viliungua 1820 na tena 1865. Kitatoka York, katika kesi ndogo ya mpaka au ya deni, mahali ambapo karani amemwandika John huyohuyo kwa P mstari wa juu na kwa B mstari wa chini.